ANDAZI ASUBUHI, UGALI JIONI... MCHANA JE?

Na Mwandishi Wetu

Wewe msomaji wa mjini, hebu jihesabu: tangu uamke leo umetafuna mara ngapi? Chai na chapati mbili asubuhi, karanga kwenye daladala, soda na keki saa nne, chipsi mayai mchana, na bado jioni utafika nyumbani kuuliza kama wali umeiva. Hapo hata bigijii hujaiweka kwenye hesabu. Kwako kitafunwa ni starehe, kitu cha kuuchangamsha mdomo.

Sasa nikupe habari. Kule milimani mkoani Kigoma, Kasulu na Kibondo, kitafunwa ni jambo zito. Kinachangia kuamua mtoto atakua na kimo gani. Usicheke, twende taratibu utanielewa.

MJI UNAAMKIA KIKAANGONI

Kasulu iko kama kilomita mia moja hivi toka Kigoma mjini, juu milimani, na alfajiri kuna kaubaridi ka kukutafutisha sweta. Kibondo iko mbele zaidi, upande wa kaskazini, njia ya Kakonko na Nyakanazi. Hii ndiyo nchi ya Waha, watu wa salamu ndefu zinazosindikizwa na makofi. Ukiwa na haraka zako za Kariakoo, pole sana, utasubiri mpaka umeulizwa habari za mjomba.

Lakini kwenye chakula cha asubuhi hakuna kuchelewa. Kabla jua halijatoka sawasawa utakuta akina mama wamekwishawasha majiko. Maandazi, vitumbua, chapati, viazi vitamu vya kuchemsha, mihogo ya kukaanga ya kuchovya kwenye chumvi na pilipili. Msimu wa mahindi mabichi ukifika, mahindi ya kuchoma kila kona. Kijana wa bodaboda anapaki, anapiga chai ya rangi na maandazi matatu, anafuta mdomo na kiganja, huyo kapotea. Dakika tano nyingi.

Huo ndio mgahawa wa haraka wa huku. Hauna kibao wala muziki, na menyu yake imo kichwani mwa mwenye kikaango. Ila usisahau kwamba haraka yako wewe mlaji kuna mtu kaigharimia. Unga ulikandwa jana usiku, wewe umelala, ili uumuke kabla ya alfajiri.

MFALME WA JIONI

Jioni anaingia mfalme: ugali. Na huku ukisema ugali, mara nyingi unazungumzia muhogo. Vijana wengine wa mjini huubeza, eti chakula cha shida. Aaa wapi! Hawajui kazi iliyomo. Mihogo mingi ya unga ni ile michungu, ina sumu ya sianidi. Inamenywa, inalowekwa kwa siku kadhaa mpaka ilainike, inaanikwa juani, halafu inatwangwa au inapelekwa mashineni. Ukiruka hatua kwa sababu una haraka, sumu inabaki, na watu hudhurika kweli kweli. Bibi zetu hawakusoma kemia, lakini walijua la kufanya.

Kitoweo? Maharage ndiyo wenyeji wa nyumba. Kuna kisamvu, kuna uyoga wa porini mvua zikinyesha, na kuna dagaa na migebuka wanaopanda milima toka Ziwa Tanganyika. Juu ya yote hayo, mawese. Yale mafuta mekundu wengine mnayaona ya kishamba yana kitu ambacho mwili huugeuza kuwa vitamini A, na wekundu wenyewe ndio alama yake. Ukiyaunguza mpaka yawe meupe ili yapendeze, umeunguza na dawa.

Kwa hiyo jioni, kwa familia iliyojaliwa, sinia limekamilika. Tatizo liko wapi basi?

SAA SITA MCHANA

Tatizo ni kwamba kati ya andazi la asubuhi na ugali wa jioni kuna saa nyingi sana, na tumbo la mtoto mdogo halina subira.

Pata picha. Msimu wa kulima, mama anaondoka mapema kwenda shamba. Shamba haliko nyuma ya nyumba, ni mwendo. Akirudi alasiri amebeba kuni kichwani, pengine na mtoto mgongoni. Yule aliyebaki nyumbani kaachwa na dada yake, naye dada mwenyewe bado mtoto. Mchana huo kuna nini cha kula? Kama jana kulibaki kiporo, wamepona. Kama hakuna, ni kipande cha muhogo, kiazi, embe kama ni wakati wake. Kama mama aliacha sarafu, andazi.

Halafu jioni maharage yanawekwa jikoni. Wote tunayajua maharage makavu kwenye moto wa kuni: saa mbili, saa tatu, bado yanagoma. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu hangoji hizo saa. Chungu kinachemka, yeye kashasinzia. Akiamshwa, anameza matonge mawili ya ugali na mchuzi, analala tena. Watu wazima wanakula mpaka wanashiba. Yeye, mwenye haja kubwa ya yale maharage kuliko wote, hayajamfikia.

Shirika la Afya Duniani, WHO, linashauri mtoto kuanzia miezi 9 hadi miaka miwili ale milo 3 mpaka 4 kwa siku, na juu yake vitafunwa vyenye lishe mara 1 au 2. Umesikia? Vitafunwa vimo kwenye hesabu ya wakubwa. Wala si kudekeza. Tumbo la mtoto ni dogo, halibebi shibe ya siku nzima kwa mkupuo mmoja. Na ugali wa muhogo ni wanga karibu mtupu, protini yake kiduchu. Unajaza, haujengi.

Matokeo yake yalionekana kwenye utafiti wa kitaifa wa lishe wa mwaka 2018. Mkoa wa Kigoma, watoto kama 42 katika kila 100 wenye umri chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa, wakati wastani wa Taifa ulikuwa kama 32. Na mtoto aliyedumaa si mfupi tu. Magonjwa humwandama, na darasani huweza kubaki nyuma. Dirisha la kurekebisha ni dogo: siku kama 1,000 za mwanzo, tangu mimba mpaka miaka miwili. Likishafungwa, kulifungua tena ni kazi ngumu.

Kinachouma ni kwamba huu ni mkoa unaolima. Maharage yanapakiwa kwenye malori, ndizi zinauzwa barabarani, maparachichi yanaanguka chini ya miti. Zipo sababu nyingine, maradhi na maji yasiyo salama yamo, lakini kwa nyumba nyingi ghala si tupu. Kilicho kitupu ni mchana.

KAMBINI NAKO

Huwezi kuzungumzia chakula cha wilaya hizi ukawaruka wakimbizi. Kambi ya Nyarugusu, Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kupokea ndugu zetu kutoka Kongo. Nduta, Kibondo, ilifunguliwa upya mwaka 2015 Warundi walipokimbia machafuko ya kwao. Ukaribu huu umechanganya vyungu. Mkongo kisamvu anakiita sombe, mchicha anauita lengalenga, na ugali wa muhogo anaupenda kama Muha. Mgao wa Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, ukawa unakuja na unga wa mahindi, na wengine wakawa wanauza sehemu yake ili wapate muhogo au kitoweo walichokizoea. Si kiburi, bwana. Mtu akishapoteza nyumba, ladha ya kwao ndiyo imebaki.

Mwaka 2023 fedha za wafadhili zilipungua, na kufikia Juni mgao ukashushwa hadi nusu ya mahitaji. Unadhani familia iliyopunguziwa chakula inaanza kukata wapi? Inakata mlo. Na anayeumia kwanza ni yule yule mwenye tumbo dogo.

Ila kwenye mgao huo kuna kitu kimoja cha kuigwa: unga wa uji wa mahindi na soya ulioongezwa vitamini na madini, ule unaoitwa Super Cereal. Maji, moto, dakika chache, mtoto anakunywa. Hicho ni chakula cha haraka chenye akili.

WAJAPANI WANASEMAJE?

Tuvuke bahari kidogo. Wajapani ndio mabingwa wa vyakula vya fasta. Zile tambi za pakiti unazochemsha geto zilianzia kwao: Momofuku Ando alizitoa mwaka 1958 huko Osaka, na mwaka 1971 kampuni yake ikazitia kwenye kikombe. Leo zimezagaa dunia nzima, maduka yetu yamo.

Lakini familia za Kijapani zina haraka ya aina nyingine, ya zamani zaidi, inaitwa bento. Ni kijisanduku cha chakula cha mchana ambacho mama au baba anakifunga asubuhi: wali, kipande cha samaki, yai, mboga kidogo. Mara nyingi kilichomo ni mabaki ya jana usiku. Yaani kiporo! Kiporo kilichopangwa vizuri, kikapewa heshima, kikaingia kwenye mfuko wa mwanafunzi. Siri yake ni moja tu: kimeandaliwa kabla njaa haijafika.

Na hilo Kasulu na Kibondo wanaliweza bila kununua pakiti hata moja.

KIPORO KIPEWE HESHIMA

Maharage yalowekwe usiku, maji yake yamwagwe asubuhi. Yataiva upesi na kuni zitapona. Yakipikwa jioni, yapikwe na ya kesho. Sehemu ya mtoto itengwe mapema kabla sinia halijavamiwa, kisha kesho yake dada aichemshe tena mpaka itokote, asiipashe juu juu. Ikipondwa na parachichi, hiyo ni bento ya Kiha.

Uji unaweza kuachwa kwenye chupa ya chai, umetiwa karanga zilizosagwa au dagaa waliokaushwa na kutwangwa. Soya ikitumika ikaangwe au ichemshwe vizuri kwanza, mbichi inazuia tumbo kufaidi protini. Ndizi mbivu ni kitafunwa tayari, kimefungwa na Mungu mwenyewe. Yai la kuchemsha halihitaji fundi. Asali ya Kibondo tamu sana, lakini mtoto ambaye hajatimiza mwaka asionjeshwe. Na chai ya rangi isiandamane na chakula cha mtoto, inazuia madini ya chuma.

Andazi halina kesi. Lisimame tu kama kisindikizo, lisiachiwe mchana mzima peke yake.

Na nyie vijana wa kiume msijifanye hamsikii. Mchana unakuwa mtupu kwa sababu mtu mmoja analima, anachota maji, anatafuta kuni, anapika na kunyonyesha. Ukiwa Kasulu, kutafuta kuni hakukutoi ndevu. Ukiwa Dar na mtoto wako yuko kwa bibi Kibondo, ukituma mshiko usiulize tu ada imefika. Uliza mjukuu wa bibi amekula nini saa sita. Ukijibiwa chai na andazi, jua kuna kazi ya kufanya. Bei ya sahani moja ya chipsi mayai, huko mezani unapojirusha na washikaji, inanunua karanga za kutia kwenye uji wa huyo mtoto kwa siku kadhaa.

Haya, endelea na soda yako. Ila kabla hujalala leo, piga simu moja nyumbani, uwakumbushe waloweke maharage.