Utepe Mwekundu Unaotembea

Sogeeni, wapwa zangu. Kaeni mkekani, wadogo mbele. Leo nawasimulia habari za utepe.

Utepe gani? Ule mwekundu unaoning'inia kwenye kitabu kikubwa cha masomo, pale mimbarini. Msomaji hupanda, huushika, hufungua ukurasa, husoma. Watu wanaitikia kumshukuru Mungu. Kesho utepe uko ukurasa mwingine. Haulali mahali pamoja siku mbili.

"Mjomba, ni padre anayeuambia ukae wapi?"

Swali zuri hilo! Watu wazima wengi hawajawahi kuliuliza. Tuuache utepe wenyewe ujibu.

"Mimi ni utepe," unasema. "Siku za kawaida padre hanichagulii. Anakuja asubuhi ananikuta nimeshapangiwa. Somo likiwa tamu, tunalisoma. Likiwa gumu, tunalisoma vilevile. Na ndugu yangu wa Bukoba, na wa Kinshasa, na wa Roma, wote leo wamefungua habari ileile."

Habari ileile, wanangu! Mimi jambo hilo hunifurahisha kila nikilikumbuka. Bibi aliyelazwa hospitali akifungua Biblia yake kwenye somo la leo, anasoma pamoja na watu asiowajua, wa lugha asizozijua.

"Na nani aliupangia?"

Swali zuri tena! Zamani, masomo ya Dominika yalikuwa yaleyale kila mwaka. Mwaka ukiisha, mnarudia. Sehemu kubwa ya Biblia watu hawakuisikia kabisa kanisani. Kisha maaskofu wa dunia nzima wakakutana Vatikani, kwenye Mtaguso wa Pili. Tarehe 4 Desemba 1963 walitoa hati juu ya liturujia, wakataka hazina za Biblia zifunguliwe zaidi kwa waamini. Mwaka 1969 mpango mpya ukatoka. Masomo ya Dominika yakawa ya miaka mitatu: Mwaka A, Mwaka B na Mwaka C.

"Kwa nini wasisome Biblia yote siku moja, wamalize?"

Eti wamalize! Biblia yetu ina vitabu 73. Mama akipika chungu cha makande, anakupa chungu kizima? Anakupakulia upawa mmoja, unakula, unashiba. Kesho anakupakulia tena. Ndivyo Kanisa linavyotupakulia Neno, upawa kwa upawa.

Sasa niwafundishe kujua huu ni mwaka gani. Chukueni tarakimu za mwaka, mzijumlishe. Tuseme 2026: 2 na 0 na 2 na 6 ni 10. Gawanya kwa 3. Imebaki 1? Ni Mwaka A, tunasoma hasa Injili ya Mathayo. Ikibaki 2 ni Mwaka B, wa Marko. Isipobaki kitu ni Mwaka C, wa Luka. Lakini angalieni: mwaka wa Kanisa hauanzi Januari. Unaanza Dominika ya kwanza ya Majilio, kabla ya Noeli.

"Na Yohane je? Wamemsahau?"

Umeona alivyo mwerevu huyu! Hajasahauliwa. Yohane tunamsikia sana Kwaresima na Pasaka. Na kwa kuwa Marko ni mfupi, katika Mwaka B Yohane huingia kumsaidia Dominika kadhaa.

Siku za juma zina mpango wao. Katika kipindi cha kawaida cha mwaka, somo la kwanza huzunguka kwa miaka miwili, ile isiyogawanyika kwa 2 na ile inayogawanyika. Hapo ndipo utepe unafurahi, kwa sababu hadithi inafuatana. Katika mwaka unaogawanyika kwa 2, mwezi Januari, Jumatatu tunamkuta Hana analia kwa kukosa mtoto. Jumanne anaomba, anampata Samweli. Jumatano Samweli ni kijana, amelala hekaluni kule Shilo, na usiku anaitwa kwa jina.

Tusimame hapo. Kutafakari ni kusimama. Guigo wa Pili, mtawa wa Ufaransa wa karne ya 12, alizitaja hatua nne: kusoma, kutafakari, kusali, na kukaa mbele za Mungu. Basi tusome mara moja, tusome tena polepole. Kisha kila mtu achague neno moja lililomgusa.

"Mimi nimechagua kukimbia. Samweli alikimbia kwa Eli."

Alikimbia! Usiku, kwa kuhani Eli, mzee ambaye macho yake hayaoni vizuri. Mzee akamwambia hakumwita, rudi ukalale. Akaitwa tena, akaamka tena. Akaitwa mara ya tatu, akaenda tena. Je, alinung'unika?

"Hakununa. Mimi mama akiniita mara ya tatu hununa."

Mwanangu, hapo umetafakari. Mwambie Mungu hivyohivyo ulivyoniambia mimi, kwa maneno yako, usiyapambe. Na tazameni mzee Eli naye. Hakumfukuza mtoto. Ndiye aliyegundua kuwa anayeita ni Mungu, akamfundisha namna ya kuitika. Mara ya nne Samweli akajua la kusema. Mimi kwa umri wangu huchagua neno la Eli. Ninyi mmechagua la Samweli. Somo ni lilelile moja, na kwenye jumuiya yetu kila mtu hutoka na lake.

"Mjomba, kesho yake Samweli anafanya nini?"

Katika somo la kesho yake kuna vita na Wafilisti, na Sanduku la Agano linatekwa.

"Linatekwa? Halafu?"

Hilo ni la Alhamisi. Samweli wa Kwanza, sura ya 4. Njooni na Biblia zenu, wewe uliyeuliza ndiye utakayesoma.