Je, Wajua? Siku Moja Likasi kwa Basi la Usiku

Wafanyabiashara wengi kutoka Tanzania na Zambia wanaofika Katanga huishia Lubumbashi. Wananunua, wanauza, wanarudi. Likasi iko mbele kidogo, kilomita kama 120 kuelekea kaskazini-magharibi katika barabara ya Kolwezi, na abiria waliosafiri usiku kucha huipita wamesinzia, vichwa vimeegemea kioo. Wanaukosa mji ambao madini yake yalibadilisha vita vya dunia na gitaa lake likafundisha Nairobi kucheza.

Je, wajua kwamba safari hii inakuongezea saa moja? Ukitoka Dar es Salaam kwa basi, utalala njiani zaidi ya usiku mmoja. Ukivuka Tunduma na kuingia Nakonde, saa ya mkononi inarudi nyuma, na haibadiliki tena hadi Likasi, kwa sababu Katanga na Zambia zinafuata saa moja. Kinshasa, mji mkuu wa Kongo ambamo Katanga imo, iko nyuma kwa saa nyingine moja. Mpakani Kasumbalesa kinachobadilika ni upande wa barabara: Zambia wanaendesha kushoto, Kongo kulia. Usiku huo usingizi wa dereva ndio wa kuombea, si wako.

Msafara wa mwaka 1891 ulitumia karibu nusu mwaka kwa safari ya namna hiyo. Kapteni Stairs, Mkanada aliyetumwa na watu wa Mfalme Leopold wa Ubelgiji, aliondoka Zanzibar mwishoni mwa Juni akiwa na mamia ya wapagazi wa pwani, akafika Bunkeya, kaskazini mwa Likasi, katikati ya Desemba. Bunkeya ilikuwa makao ya Mwami Msiri, na Msiri mwenyewe alikuwa mtu wa Unyamwezi, mwana wa mfanyabiashara aliyefuata shaba ya Katanga. Mzungu alidhani amefika mwisho wa dunia. Wapagazi wake walimkuta mtawala ambaye asili yake ni jirani na Tabora. Msiri aliuawa kwa risasi tarehe 20 Desemba 1891, na Wayeke, watu wake, hukusanyika Bunkeya kila mwaka tarehe hiyo kumkumbuka.

Je, wajua kwamba msimu wa majani mekundu hapa ni wa kuchipua? Septemba na Oktoba, Ulaya majani yanageuka rangi kwa sababu yanakufa. Katika misitu ya miombo inayoizunguka Likasi, miezi hiyohiyo, miti inatoa majani mapya kabla ya mvua, nayo huanza mekundu na ya rangi ya shaba, kisha yanakuwa kijani. Mtu asiyejua atasema msitu umeungua. Mjini jakaranda, mti uliotoka Amerika Kusini, unamwaga maua ya zambarau. Joto ni kali, vumbi halijalala, na mvua zikikaribia akina mama huanza kuuza matunda ya masuku kandoni mwa barabara. Kwangu huu ndio wakati wa kwenda, ingawa wenyeji watakuambia usubiri uyoga wa masika.

Mpaka 1966 ramani ziliuita mji huu Jadotville. Jean Jadot alikuwa mhandisi wa Ubelgiji aliyeongoza kampuni ya madini ya Union Minière. Kabla ya hapo alikuwa amesimamia ujenzi wa reli ya kutoka Beijing hadi Hankou, huko China. Leo barabara ya Likasi imejaa malori ya kampuni za Kichina. Historia ina mzaha wake.

Mji wenyewe una wilaya nne: Likasi, Kikula, Panda na Shituru. Shituru ndiko kiliko kiwanda cha kusafishia shaba kwa umeme, kilichoanza kazi 1929, na umeme wa kutosha ukaja mwaka uliofuata kutoka maporomoko ya Mto Lufira huko Mwadingusha. Wapo watu ambao babu, baba na wao wenyewe wamepita katika lango hilohilo.

Sasa tufike kwenye jiwe. Mwaka 1915 Mwingereza Robert Sharp aligundua urani mahali panapoitwa Shinkolobwe, kilomita kama 20 magharibi mwa Likasi. Mwanzoni waliichimba kwa ajili ya radiamu ya hospitali, na urani yenyewe ikaonekana kama mabaki tu. Tarehe 2 Agosti 1939 Albert Einstein alimwandikia Rais Roosevelt kumwonya juu ya bomu la aina mpya, na katika barua hiyo aliitaja Kongo ya Ubelgiji kuwa chanzo muhimu kuliko vyote cha madini hayo. Edgar Sengier, mkubwa wa Union Minière, alikuwa ameshatahadhari. Mwaka 1940 alisafirisha kwa siri takriban tani 1,200 hadi New York, zikawekwa ghalani Staten Island katika mapipa ya chuma. Septemba 1942 ofisa mmoja wa jeshi la Marekani, Kenneth Nichols, alikwenda ofisini kwake huko New York kuulizia urani, akakuta iko tayari ng'ambo ya maji. Migodi mingine ya wakati ule ilishangilia mawe yenye urani chini ya asilimia 1. Haya ya Shinkolobwe yalifika kama 65. Sehemu kubwa ya urani ya bomu lililopiga Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 ilitoka hapa. Sengier alipewa nishani na Marekani mwaka 1946.

Wachimbaji hawakupewa. Desemba 1941, vita vikiwa vimepandisha bei ya kila kitu, wafanyakazi Waafrika wa kampuni hiyohiyo waligoma Likasi na Lubumbashi kudai nyongeza ya mshahara. Tarehe 9 askari walifyatua risasi katika uwanja wa mpira wa Lubumbashi na kuua makumi ya watu. Habari hii ingefaa kuandikwa kila mahali inapoandikwa ile ya Einstein.

Wataalamu wa mawe wanaijua Likasi kwa sababu nyingine. Kuna madini ya rangi ya samawati yanayoitwa likasiti, yaliyoelezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1955, na mengine ya urani yaitwayo sengieriti na sharpiti, kwa heshima ya mabwana wale wawili.

Je, wajua kwamba filamu ya vita vya Likasi haikupigwa Likasi? Tarehe 13 Septemba 1961, Katanga ikiwa imejitenga, majeshi yake pamoja na mamluki wa Kizungu yaliwashambulia askari wa Ireland wa Umoja wa Mataifa wakati baadhi yao wako kwenye misa ya asubuhi. Waairishi walikuwa kama 155, chini ya Kamanda Pat Quinlan, na msaada uliotumwa ukazuiwa kwenye daraja la Lufira. Walipigana siku tano hadi maji na risasi vikawaishia, wakajisalimisha tarehe 17. Hakufa hata mmoja wao. Usiku uleule ndege ya Katibu Mkuu Dag Hammarskjöld ilianguka karibu na Ndola. Nyumbani kwao askari wale walidharauliwa kwa miaka mingi. Nishani walipata 2017, mwaka mmoja baada ya filamu, iliyopigwa Afrika Kusini.

Na muziki? Mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika na mashine ya kurekodia sauti, alimsikia mjini hapa kijana mzaliwa wa Bunkeya, Mwenda Jean Bosco, akapiga naye rekodi. Gitaa moja, vidole viwili vitatu, Kiswahili cha Katanga. Baadaye Mwenda alikaa Nairobi, akasikika redioni, na wapiga gitaa wa Kenya wakamwiga kwa kizazi kizima. Mtu akikuambia muziki wa gitaa uliingia Afrika Mashariki kwa njia ya Kinshasa peke yake, mtajie Likasi.

Ukifika kituo cha reli, simama kidogo. Mwaka 1992 na 1993 Wakasai, watu wenye asili ya Kasai lakini wengi wao waliozaliwa papa hapa, walifukuzwa majumbani mwao, na maelfu wakalala kituoni na mashuleni wakingoja treni ya kuwapeleka kwao wasikokujua. Wengine walifia hapo.

Chakula cha mchana ni bukari (ugali) na sombe (kisamvu), na kinywaji baridi cha munkoyo kama umemkuta mama anayejua kukitengeneza. Usipige picha viwandani wala migodini bila ruhusa. Na kama kijana wa pikipiki atajitolea kukupeleka Shinkolobwe, kataa: mgodi ulifungwa kwa amri ya rais Januari 2004, na Julai mwaka huohuo uliporomoka ukaua watu waliokuwa bado wanachimba.