Mshika Mbili: Frank Ryan kati ya Uwanja na Hisabati

Wahenga walisema kwamba mshika mbili, moja humponyoka. Katika historia ya michezo ni wachache walioutia usemi huo majaribuni kama Frank Ryan wa Marekani. Tarehe 27 Desemba 1964 aliiongoza timu ya Cleveland Browns kuutwaa ubingwa wa kandanda ya Kimarekani. Mwaka uliofuata Chuo Kikuu cha Rice kilimtunukia shahada ya udaktari wa falsafa katika hisabati. Shahada hiyo haikuwa ya heshima: aliipata kwa utafiti wake mwenyewe. Kazi zote mbili zilitegemea ubongo mmoja, na ubongo huo ndio uliokabidhiwa wanasayansi baada ya kifo chake.

Mchezo wenyewe

Kandanda ya Kimarekani haifanani sana na kandanda ichezwayo Afrika Mashariki. Mpira wake umechongoka pande mbili kama yai, na kwa sehemu kubwa huchezwa kwa mikono. Kila upande una wachezaji 11, na uwanja una urefu wa yadi 100, yaani meta 91 hivi, mbali na maeneo ya kufungia yaliyo katika kila mwisho. Timu inayoshambulia hupewa nafasi nne za kusonga mbele yadi 10. Ikishindwa, mpira huwa wa wapinzani.

Kiongozi wa mashambulizi huitwa kwotabeki. Yeye huupokea mpira, huwatazama wenzake wakikimbia kila mmoja katika njia aliyopangiwa, kisha huamua amrushie nani. Uamuzi huo hufanyika katika muda wa sekunde mbili au tatu, huku watu wenye miili mikubwa wakimjia kwa kasi ili wamwangushe. Akisita, hupigwa chini akiwa bado na mpira mikononi.

Mwanafunzi wa akiba

Ryan alizaliwa mwaka 1936 huko Fort Worth, katika jimbo la Texas. Alijiunga na Rice mjini Houston, akasomea fizikia. Katika timu ya chuo hakuwa nyota wa kwanza, kwani nafasi ya kwotabeki aligawana na King Hill. Mwaka 1958 timu za kulipwa zilipochagua wachezaji kutoka vyuoni, Hill alichaguliwa wa kwanza katika nchi nzima. Ryan alisubiri hadi duru ya tano, akachukuliwa na Los Angeles Rams.

Alikaa na timu hiyo miaka minne, mara nyingi akiwa mchezaji wa akiba. Msimu wa ligi ulianza karibu na vuli na kwisha Desemba. Miezi iliyobaki Ryan aliitumia kwa masomo ya juu ya hisabati. Mwaka 1962 alihamia Cleveland. Huko nako alianza akiwa wa akiba, mpaka kwotabeki wa kwanza, Jim Ninowski, alipoumia katikati ya msimu. Ryan aliichukua nafasi hiyo na hakuiachia kwa miaka kadhaa.

Ushindi wa Cleveland

Katika fainali ya mwaka 1964, Baltimore Colts ndio waliotazamiwa kushinda. Hadi mapumziko hakuna aliyepata pointi. Kipindi cha pili Ryan alimrushia mwenzake Gary Collins mipira mitatu iliyozaa mabao, ya yadi 18, 42 na 51. Cleveland walishinda kwa pointi 27 kwa 0. Hadi Ryan alipofariki dunia, karibu miaka 60 baadaye, timu hiyo ilikuwa haijapata tena ubingwa wa ligi. Mwaka 1966 aliongoza ligi nzima kwa kurusha mipira 29 iliyozaa mabao.

Duara na ukingo wake

Tasnifu aliyoiandika chini ya usimamizi wa Profesa Gerald MacLane ilihusu fanksheni za namba changamano. Kiini cha swali lake chaweza kuelezwa kwa mfano. Ichukuliwe duara ambayo nusu kipenyo chake ni 1. Kila nukta iliyo ndani ya duara hiyo imepewa namba kwa kanuni moja, na namba hizo hubadilika polepole bila kuruka kutoka nukta moja hadi jirani yake. Msafiri akitembea ndani ya duara kuelekea ukingoni, namba anazokutana nazo huweza kuyumbayumba bila kikomo, au huweza kukaribia thamani moja maalumu. Zikikusanywa thamani zote za namna hiyo, kwa njia zote ziwezazo kupitwa, hupatikana seti. Je, ni seti za aina gani ziwezazo kupatikana hivyo, na zipi haziwezekani kamwe? Ryan alizibainisha sifa za seti hizo, na mwaka 1966 makala zake mbili zilichapishwa katika jarida la hisabati la Chuo Kikuu cha Duke. Wakati huo alikuwa bado mchezaji, na mjini Cleveland alifundisha pia hisabati chuoni.

Baada ya uwanja

Aliacha kucheza baada ya msimu wa 1970, akiwa na timu ya Washington. Mwaka 1971 alipewa jukumu la kuongoza huduma za kompyuta katika Baraza la Wawakilishi la Marekani. Baraza hilo lina wajumbe 435, na hapo zamani karani aliwaita mmoja mmoja kwa majina kila ilipopigwa kura ya kuhesabiwa. Kazi hiyo ilikula muda mwingi. Januari 1973 mtambo wa kielektroniki ulianza kutumika, na wajumbe wakapiga kura kwa kadi katika muda wa dakika 15. Mwaka 1977 Ryan alikwenda Chuo Kikuu cha Yale kuwa mkurugenzi wa michezo, na huko pia alifundisha hisabati. Hata alipostaafu aliendelea kutunga programu za kompyuta za kuchunguza mpangilio wa namba tasa.

Deni la mchezo

Kofia ngumu ya mchezaji hulinda fuvu lisivunjike, lakini haiwezi kuuzuia ubongo usitikisike ndani ya fuvu hilo. Kichwa kinaposimamishwa ghafla, ubongo huendelea kusogea, na nyuzi zake za neva huvutwa. Pigo moja huenda lisiache alama. Mapigo mengi kwa miaka mingi, hata yale yasiyomwangusha mtu, huweza kusababisha protini iitwayo tau kujikusanya na kuharibu seli za ubongo. Madhara ya namna hiyo kwa mabondia yalielezwa na daktari mmoja wa Marekani mwaka 1928. Kwa wachezaji wa kandanda ya Kimarekani, aliyefungua njia ni Bennet Omalu, daktari mzaliwa wa Nigeria, ambaye mwaka 2005 alichapisha uchunguzi wa ubongo wa mchezaji mmoja aliyefariki. Mpaka sasa ugonjwa huo hauwezi kuthibitishwa kwa hakika ila baada ya kifo.

Ryan alifariki tarehe 1 Januari 2024, akiwa na umri wa miaka 87, baada ya kuugua ugonjwa wa Alzheimer, ambao hufuta kumbukumbu na uwezo wa kufikiri. Ubongo wake ulikabidhiwa watafiti wa Chuo Kikuu cha Boston, wachunguzao madhara ya mapigo ya kichwa.

Kwa muda mrefu maisha yake yalitajwa kuwa ushahidi kwamba mtu aweza kushika mbili pasipo moja kumponyoka. Kwa upande wa muda na juhudi, ushahidi huo unasimama: ubingwa ulipatikana, na tasnifu ikakamilika. Lakini mwili hutunza hesabu zake. Kipande cha mwisho alichokiacha mwanahisabati huyu kwa sayansi kilikuwa kile alichofikiria nacho, ili vijana wanaoingia uwanjani leo wapate kujua bei kamili ya mchezo huo kabla ya kuilipa.