Masika hii, Mfunue Mbuzi Wako Kope!

VIJANA wengi wa mjini siku hizi wanafuga mbuzi kwa simu. Jamaa mwenyewe yuko dukani Kariakoo, mbuzi wako Chanika na kijana wa kuchunga, na hesabu ziko kichwani: wakizaa mara moja watakuwa wangapi, wakizaa tena watakuwa wangapi. Biashara yenyewe si mbaya. Supu ya mbuzi mjini hailali, na Idd ikikaribia beberu aliyenona bei yake usiulize.

Mambo yanaharibika masika. Simu inaingia: "Bosi, yule jike mweusi kalala moja kwa moja." Wiki ya pili, mwingine. Hapo maneno yanaanza. Mara kijana kauza, mara jirani ana jicho baya. Kumbe mchawi yumo tumboni!

MDOGO, LAKINI NJAA YAKE!

Mbuzi ana matumbo manne. Kwenye lile la nne ndiko anakokaa mnyoo ambaye wataalamu wanamwita Haemonchus contortus. Ni mwembamba kama uzi, urefu wake sentimita mbili au tatu, na kazi yake ni moja tu: kufyonza damu.

Mmoja hufyonza kama mililita 0.05 kwa siku. Unaona kidogo? Haya, piga hesabu. Mbuzi mwenye minyoo 2,000 anapoteza mililita 100 kila siku, yaani lita moja kwa siku 10. Na mbuzi wa kilo 20, damu yake yote haifiki hata lita moja na nusu! Mwili unajitahidi kutengeneza nyingine, lakini mwisho unashindwa.

Jike la mnyoo hutaga mayai zaidi ya 5,000 kwa siku. Mayai yanatoka na kinyesi, na kukiwa na joto na unyevu, kwa muda wa kama wiki moja yanakuwa viluwiluwi vinavyopanda kwenye majani yenye umande. Mbuzi anakula majani, anakula na adui. Wiki tatu baadaye, adui naye anataga. Ndiyo maana masika ni msimu wa vilio.

USINGOJE KUHARISHA

Wengi wanasubiri mbuzi aharishe ndipo waseme ana minyoo. Huyu wa damu mara nyingi haharishi kabisa. Dalili yake ni mbuzi kubaki nyuma ya wenzake, manyoya kusimama, na uvimbe laini chini ya taya, kama kafungiwa kifuko cha maji. Ukiuona uvimbe huo ujue umechelewa, ila hujakosa kabisa. Kimbia kwa bwana mifugo.

Dawa ni kumfunua kope la chini. Huko Afrika Kusini wataalamu walitengeneza kadi yenye rangi tano, inaitwa FAMACHA. Unalinganisha rangi ya ndani ya kope na kadi. Namba 1 ni nyekundu safi, namba 5 ni nyeupe kama karatasi. Wa 1 na 2 mwache ale majani yake. Wa 4 na 5 mpe dawa leo hii. Wa 3, kama ni mtoto, ana mimba au ananyonyesha, naye apewe.

Lakini weupe wa kope si minyoo peke yake. Kupe na ndigana navyo hupunguza damu. Ukiwa na wasiwasi, peleka kinyesi kikapimwe.

DAWA SI TOGWA

Sasa utauliza, kwa nini nisiwanyweshe wote tu, kila mwezi, yaishe? Hapo ndipo vijana tunapopigwa. Katika kundi, mbuzi wachache ndio hubeba minyoo mingi. Ukiwapa wote kila mara, minyoo dhaifu inakufa, sugu inabaki na kuzaana. Dawa ya thiabendazole iliingia sokoni 1961. Ilipofika 1964, huko Marekani tayari kulishatangazwa minyoo ya kondoo isiyoisikia. Miaka mitatu tu!

Kosa la pili ni kupima kwa macho, chupa moja igawanywe hadi iishe. Dozi pungufu ni kama kumfundisha adui karate. Pima mbuzi kwa mizani. Na usichukue tu dozi ya kondoo ukampa mbuzi, kwani mwili wa mbuzi huiondoa dawa haraka zaidi, na nyingi huhitaji kuongezwa. Ila usijiongezee mwenyewe! Levamisole ikizidi ni sumu, na albendazole haifai kwa jike mwenye mimba changa. Muulize mtaalamu.

MAJANI NAYO NI DAWA

Usiwatoe mbuzi kabla umande haujakauka. Wape vichaka na matawi, maana ndicho chakula wanachokipenda, na viluwiluwi wengi wako chini, kwenye sentimita chache za kwanza za majani. Majani ya bandani yawekwe kwenye hori, siyo sakafuni. Banda la chaga linasaidia, kinyesi kinaanguka chini. Na mbuzi mpya kutoka mnadani Pugu asichanganywe siku hiyo hiyo. Mtenge, akaguliwe, atibiwe kwanza, asije akawaletea wenzake minyoo sugu.

Na wewe usiyefuga, unayengojea mishikaki tu, hili linakuhusu. Kila dawa ina siku zake za kungoja kabla mbuzi hajachinjwa au maziwa hayajanywewa, zimeandikwa kwenye chupa. Mfugaji anayeuza kabla ya siku hizo anakulisha dawa na chumvi juu.

Haya, wafugaji, Jumamosi kabla hamjaenda kujirusha, kafunueni kope. Hakuna kiingilio. Tukutane wiki ijayo.