Muuguzi Asome Bila Kuiacha Wodi

Tangu lilipofunguliwa daraja la J. P. Magufuli baina ya Kigongo na Busisi, tarehe 19 Juni, mwaka 2025, mtu atokaye Geita kwenda Mwanza hana haja tena ya kukaa ufukweni akingoja kivuko. Daraja hilo lina urefu wa kilometa 3, nalo limepita juu ya maji yale ambayo zamani yaliweza kumchelewesha msafiri saa mbili nzima, na zaidi kivuko kilipoharibika. Mengi yamekwisha kusemwa juu ya faida yake kwa wafanya biashara, wavuvi na wachimbaji. Sisi tungependa kumtaja mtu mmoja ambaye watu hawamkumbuki upesi wanapohesabu faida za barabara, naye ni muuguzi.

Wapo wengi wanaodhani kwamba muuguzi akisha kuvaa sare yake amekwisha kusoma. Dhana hiyo si kweli. Ngazi ya elimu ya uuguzi katika nchi yetu huanza kwa cheti, ikapanda kwenye stashahada, kisha shahada ambayo huchukua miaka minne, na juu yake kuna uzamili. Hapo kwenye uzamili ndipo muuguzi anapochagua tawi moja na kulijua hasa. Muhimbili, kwa mfano, hufundisha uzamili wa uuguzi wa wagonjwa mahututi na majeruhi, wa afya ya akili, na wa ukunga na afya ya wanawake. Anayehitimu hapo hajawa daktari, wala hakusudii kuwa daktari. Amekuwa muuguzi ambaye daktari mwenyewe, akiwa na busara, atamwuliza habari za mgonjwa kabla ya kuandika dawa.

Je, sisi wa Shinyanga na Geita tunamhitaji mtu wa namna hiyo? Msomaji na akumbuke mambo ya Nyangalata, wilayani Kahama. Mwezi wa Oktoba, mwaka 2015, shimo la wachimbaji wadogo liliporomoka na kuwafunika watu chini ya ardhi. Wenzao walikata tamaa, na matanga yakawekwa. Baada ya siku 41 watu watano walitolewa wakiwa hai. Walikuwa wameishi kwa mizizi, mende, vyura na matone ya maji yaliyopenya mwambani. Nchi nzima ilishangaa, na ilistahili kushangaa.

Lakini wachache walijiuliza jambo linalofuata. Mwili uliokaa na njaa kwa majuma mengi hauwezi kupokea shibe kwa ghafula. Ukiulisha mwingi kwa mara moja, kwa huruma tu, fosfeti na potasiamu katika damu hushuka, moyo hupoteza mwendo wake, na mtu aliyeokoka shimoni aweza kufa kitandani. Jamaa amesimama mlangoni na bakuli la uji na maziwa, analia, anataka mwanawe ale. Ni nani atakayemzuia kwa upole na kumweleza sababu? Ni nani atakayepima mkojo, kuhesabu mapigo, na kulitambua badiliko dogo saa nane ya usiku, wakati daktari yuko chumba cha upasuaji na mgonjwa mwingine? Ni muuguzi. Kama hakufundishwa kulitambua badiliko hilo, bidii yake na moyo wake mwema havitamsaidia mgonjwa yule.

Tumetaja mkasa mkubwa kwa sababu wote waujua, lakini ukanda wa dhahabu unayo mikasa midogo kila siku. Vumbi la mwamba uliosagwa huingia mapafuni na kuyafanya magumu, na mapafu ya namna hiyo ni shamba zuri la kifua kikuu. Zebaki huchanganywa na mchanga wa dhahabu kisha huchomwa, mara nyingine karibu kabisa na jiko la nyumbani, na mvuke wake huvutwa na baba, mama, na mtoto aliye tumboni. Mguu hukandamizwa na jiwe huko Nyarugusu au Rwamagasa, na majeruhi huletwa kwa pikipiki. Mama hujifungua kabla ya siku zake, na mtoto wake hawezi hata kunyonya. Kila mmoja wa hao huhitaji aina yake ya uuguzi.

Ni haki pia kusema kwamba Serikali haikukaa bure. Mwaka 2021 nchi yetu ilipata mkopo wa Shilingi trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa, na sehemu ya fedha hizo ilijenga wodi za wagonjwa mahututi na idara za dharura katika hospitali zetu, na kununua mashine. Jengo huweza kusimama kwa mwaka mmoja, na mashine ya kupumulia huja kwa meli. Muuguzi wa kuisikiliza mashine hiyo na kujua kama inalia kwa sababu ya mgonjwa au kwa sababu bomba limekunjika, huyo haji kwa meli.

Basi kwa nini hawaendi kusoma? Tumewauliza baadhi yao, nao hawakosi jibu. Kwa kawaida mafunzo ya uzamili humtaka mtu aache kazi na kukaa chuoni miaka miwili mizima, na kwa wengi chuo chenyewe ki Dar es Salaam, karibu kilometa elfu moja kutoka Shinyanga. Wodi anayoiacha haipewi mtu mwingine. Wenzake hugawana zamu zake mpaka wachoke. Wauguzi wetu wengi ni wanawake, na mwanamke mwenye watoto watatu na mama mkwe mgonjwa hafungi sanduku kwa wepesi kama kijana asiye na mke. Na yule anayefaulu kwenda, akisha kuuona mji na hospitali zake kubwa, mara nyingi harudi. Hatumlaumu. Twasema tu kwamba kwa njia hiyo mikoa yetu hupoteza mara mbili: kwanza humkosa kwa miaka miwili, kisha humkosa daima.

Ipo njia nyingine, nayo si ndoto. Tangu miaka ya mwanzo ya karne hii Chuo Kikuu cha Aga Khan kimewafundisha wauguzi wa Afrika Mashariki walio kazini wapande ngazi ya elimu yao, siku chache za juma darasani na siku nyingine wodini. Mwaka 2005 jirani zetu wa Kenya, kwa ushirikiano wa baraza lao la wauguzi na shirika la Amref, walianza kuwafundisha kwa kompyuta wauguzi wa cheti wapate stashahada bila kuacha vituo vyao. Ngazi hizo ziko chini ya uzamili, lakini zimethibitisha kwamba mtu aweza kulinda kitanda na kushika kitabu pia. Na huko Uingereza ni jambo la kawaida muuguzi kuuchukua uzamili kidogo kidogo kwa miaka miwili, mitatu au zaidi, akiwa kazini.

Watakuwapo wa kusema kwamba masomo ya nusu siku huzaa ujuzi wa nusu. Sisi tunaona kinyume. Anayejifunza siku ya Ijumaa namna ya kumpima maumivu mgonjwa asiyeweza kusema, na Jumatatu akamkuta mgonjwa huyo huyo kitandani, hatalisahau somo lake. Tena mgonjwa wa Geita hufaidika mwezi ule ule, hangoji miaka miwili. Yako mambo, hata hivyo, ambayo hayakubali kugawanywa vipande. Saa za mazoezi ya vitendo lazima zitimie, tena mahali penye wagonjwa wa aina hiyo na mwalimu wa kusimama kando. Ndiyo sababu tulianza na daraja. Hospitali ya Bugando, iliyofunguliwa mwaka 1971, ndiyo hospitali kuu ya kanda ya ziwa, na chuo kikuu cha afya kiko hapo hapo mlimani. Muuguzi wa Geita aweza sasa kumaliza zamu yake ya mchana na kulala Mwanza. Wa Shinyanga ana lami mpaka mlangoni. Vyuo navyo viulizwe waziwazi: kwa nini darasa la uzamili lisipangwe kwa siku tatu mfululizo kila mwezi, na kazi iliyobaki ifanyike kwa kompyuta na kwa vitabu nyumbani?

Tusimdanganye mtu kwamba njia hii ni nyororo. Ada hulipwa pale pale na mshahara ni ule ule. Atakayetoka zamu ya usiku na kufungua kitabu atasinzia juu yake, na tasnifu ina tabia ya kungoja mpaka mtoto augue. Yaliyo katika uwezo wa mwajiri ni machache, lakini ndiyo yanayoamua. La kwanza ni orodha ya zamu. Mkuu wa wodi akijua siku za darasa mapema, ataipanga. Asipojua, au akiona wivu, mwanafunzi ataacha masomo kabla ya mwaka kwisha. Twalisema hili la wivu kwa sababu tumelisikia mara nyingi mno. La pili ni cheo na mahali pa kazi baada ya kuhitimu. Ni upotevu wa fedha na wa mtu kumpeleka kliniki ya nje muuguzi aliyesomea watoto mahututi, ati kwa kuwa zamu ya kuhamishwa wodi imefika.

Na muuguzi mwenyewe asikimbilie tangazo lolote. Kabla ya kulipa hata senti moja aulize Tume ya Vyuo Vikuu kama masomo hayo yanatambuliwa, na aulize Baraza la Uuguzi na Ukunga kama sifa hiyo itaandikwa katika daftari lake.

Limebaki neno la fedha. Halmashauri zilizo na migodi mikubwa hupata ushuru wa huduma kutokana na mapato ya migodi hiyo, na tangu marekebisho ya sheria ya madini ya mwaka 2017 kampuni za madini hutakiwa kukubaliana na halmashauri kila mwaka juu ya mpango wa kuihudumia jamii. Fedha hizo zimejenga madarasa na zahanati, nasi twazisifu. Madiwani watakapoketi tena kuupitia mpango wa mwaka, mmoja wao na asimame aulize ni wauguzi wangapi watakaolipiwa ada, na majina yao yasomwe kikaoni.