Sauti Ivujayo Masikioni Wakati wa Kurekodi Uimbaji

Mwimbaji wa kwaya mjini Mpanda amejifungia chumbani. Amevaa vipokea sauti vya masikioni ili asikie ala, naye anaimba mbele ya maikrofoni. Baadaye, asikilizapo sauti yake peke yake, katika kila pumziko husikia mlio mwembamba wa ngoma na gitaa. Mlio huo umetoka wapi?

Zamani, bendi ziliporekodi katika studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam, wapigaji na waimbaji walirekodiwa pamoja, hivyo kuchanganyika kwa sauti hakukuwa kasoro. Siku hizi aghalabu sauti ya mwimbaji hurekodiwa peke yake. Akitaka kubadili gitaa baadaye, gitaa la kwanza litabaki ndani ya sauti yake. Maji yakimwagika hayazoleki: hata programu za kompyuta zinazotenganisha sauti zaweza kuiharibu ile tunayotaka kuihifadhi.

Sauti ni mtikisiko wa hewa. Kiwambo kilichomo katika kipokea sauti huitikisa hewa iliyo mbele ya sikio. Mtikisiko huo hupenya katika nafasi baina ya mto wake na ngozi, na hupitia pia katika ganda lake. Maikrofoni haichagui, hunasa kila mtikisiko unaoifikia.

Wengi hudhani kwamba maikrofoni inayonasa zaidi sauti za mbele itaondoa tatizo. Sivyo. Kichwa cha mwimbaji kiko mbele ya maikrofoni, na masikio yamo pande zake mbili. Maikrofoni ya namna hiyo husaidia kupunguza sauti zitokazo nyuma yake.

Hatuna budi, basi, kuuzuia mvujo kwenye chanzo chake. Kwanza, tutumie vipokea sauti vyenye ganda lililozibwa, vinavyofunika sikio lote. Pili, tupunguze sauti. Kila desibeli 6 zinapopungua, ukubwa wa wimbi hupungua kwa nusu, na masikio hunusurika pia. Tatu, tupunguze milio mikali, kama matoazi na kidokezi cha mapigo, kwani ndiyo isikikayo zaidi katika mvujo. Nne, tuisogeze maikrofoni. Ikitolewa sentimita 30 kutoka mdomoni na kuwekwa sentimita 15, nguvu ya sauti ya mwimbaji huongezeka takriban mara 4. Mvujo nao huongezeka, lakini kwa kiasi kidogo zaidi, maana umbali kutoka masikioni haukupungua kwa nusu.

Mkoani Katavi yafaa kukumbuka jambo jingine. Katika masika, mvua ipigayo juu ya bati humfanya mwimbaji aongeze sauti masikioni, na mvujo ukaongezeka papo hapo. Ni heri angoje mvua ikatike.

Mwalimu aweza kulithibitisha jambo hili darasani. Mwanafunzi mmoja avae vipokea sauti, muziki upigwe, naye anyamaze mbele ya maikrofoni kwa sekunde 30 huku akirekodiwa. Jaribio lirudiwe sauti ikiwa imepunguzwa, kisha mito ikiwa imebanwa vyema masikioni. Umbali na kipimo cha kunasia visibadilishwe. Wanafunzi wasikilize rekodi zote tatu na kueleza ni badiliko lipi lililopunguza mvujo zaidi, na kwa sababu gani.