Protini kwa Asiyepatana na Maziwa wala Histamini (Sehemu ya Tatu)

Katika sehemu mbili zilizotangulia tulieleza kwa nini watu wazima wengi wa Afrika Mashariki hujaa gesi na kuharisha wakinywa maziwa, na jinsi histamini ya kwenye chakula inavyoweza kumletea mtu ngozi nyekundu, kuwashwa, kuumwa kichwa, pua kuziba na moyo kwenda mbio. Leo tunaingia jikoni, kwa ajili ya wale wenye matatizo yote mawili kwa pamoja.

Taabu ya watu hawa inaanzia kwenye ushauri wanaopewa. Asiyeiweza laktosi huambiwa aache maziwa ya kawaida, anywe mtindi au ale jibini iliyokomaa, kwa kuwa bakteria wamekwisha kula sehemu ya sukari iliyokuwa ikimsumbua. Kwake huo ni ushauri mzuri. Lakini miongoni mwa bakteria wanaochachusha chakula wamo wanaoigeuza asidi amino iitwayo histidini kuwa histamini, na jibini iliyokaa miezi ghalani ni moja ya vyakula vyenye histamini nyingi kabisa. Akiiacha jibini, anaelekezwa kwenye samaki wa kopo, dagaa wakavu na sosi ya soya, na huko nako histamini inamsubiri. Nimeona watu wakizunguka hivyo kwa miezi, wakipunguza chakula kimoja baada ya kingine, mpaka sahani inabaki wali na mboga za majani. Mwili unakonda na nguvu zinapungua, na dalili bado zipo.

Ninachotaka msomaji akishike ni hiki: kwa histamini, umri wa kitoweo tangu mnyama alipokufa una uzito kuliko jina lake. Tuanze na samaki, maana ndiye anayeonyesha jambo hili waziwazi.

Jodari, vibua na nguru wana histidini nyingi katika minofu yao. Samaki akiwa hai, histidini hiyo haina ubaya wowote. Akishakufa, bakteria waliomo kwenye matamvua na matumbo husambaa kwenye nyama na kuanza kuigeuza, na katika joto la pwani la nyuzi 30 saa chache tu zinatosha. Histamini iliyokwisha kutengenezwa haiondoki kwa kukaangwa, kuchemshwa wala kutiwa kwenye kopo. Friza inazuia isiongezeke, basi. Kanuni za kimataifa za Codex zinaweka kikomo cha miligramu 200 kwa kilo moja ya samaki wa aina hii, ili hata mwenye afya asidhurike. Mwenye kimeng'enya kidogo cha DAO, kile kinachovunja histamini tumboni, anaweza kusumbuka kwa kiasi kilicho chini ya hapo.

Kwa hiyo ng'onda, vibua wa kopo na samaki aliyekaangwa jana tuviweke kando. Wachukue nafasi yao changu, pono na chewa, na kwa walio bara sato na perege, samaki wenye minofu myeupe na histidini kidogo kuliko jodari. Nenda sokoni mapema, na swali la kwanza kwa muuzaji liwe: huyu ametoka majini lini, na amekaa kwenye barafu au juani? Macho angavu na matamvua mekundu yatakusaidia kumkataa aliyeanza kuoza, lakini hayakuhakikishii usalama, kwa sababu histamini hupanda kabla harufu haijabadilika. Mpe mpaa samaki hapohapo atoe matumbo na matamvua, mfukie kwenye barafu iliyopondwa, kisha mpike siku hiyohiyo. Ukimnunua asubuhi ukamwacha chini ya meza ya kazi hadi jioni, umepoteza faida yote ya kuamka mapema.

Kuku na nyama ni rahisi zaidi. Kuku aliyechinjwa asubuhi akaliwa mchana ni miongoni mwa vitoweo salama kwa mtu huyu, na gramu 100 za nyama yake iliyoiva, bila mfupa, zina protini zinazokaribia gramu 30. Nyama ya ng'ombe au mbuzi iwe ya siku hiyo, ikatwe vipande. Ya kusaga iliyolala na soseji aziache. Namna ya kupika nayo ina neno lake: watafiti wa Korea Kusini mwaka 2017 walipima vyakula kabla na baada ya kupikwa, wakaona kuchoma na kukaanga kunaelekea kuongeza histamini, ilhali kuchemsha hakukubadilisha sana au kulipunguza. Mchuzi mwepesi wa kuchemsha basi, na mishikaki isubiri.

Adui mkubwa ni kiporo. Sufuria ya kuku iliyolala jikoni ikapashwa moto asubuhi ni chakula kingine kabisa kwa mtu wa histamini, hata kama familia nzima imekula na kushiba salama. Chakula kikiiva, pakua sehemu ya kesho kabla hamjaanza kula, ipoze haraka kwenye vyombo vidogo na uiingize kwenye friza. Ukiihitaji, itoe ikiwa imeganda na uitie jikoni moja kwa moja.

Mayai ya kuku hayana histamini ya kutajika. Kuna wanaosema ute wake huuchochea mwili kutoa histamini yake wenyewe, lakini ushahidi wa dai hilo ni dhaifu, nami simshauri mtu ayaache kabla hajajipima.

Hali ni hiyohiyo kwa jamii ya kunde. Orodha nyingi zinazosambaa kutoka Ulaya hazikubaliani: hii inaruhusu dengu, ile inazikataza. Kwetu, kuondoa maharage, choroko, kunde na mbaazi ni kuondoa protini ya watu wa kipato cha chini, na sioni sababu ya kufanya hivyo kwa hofu ya orodha. Kikombe kimoja cha kunde zilizoiva kina takribani gramu 13. Loweka usiku, mwaga maji, pika kwa maji mapya. Tumbo likijaa gesi baadaye, huenda ni sukari za kunde zenyewe zinazochacha utumboni, hivyo usikimbilie kuilaumu histamini. Nyanya, biringanya na spinachi hutajwa mara nyingi na wagonjwa, kwa hiyo mbaazi za tui la nazi, zisizohitaji nyanya, ni chakula kinachomfaa mtu huyu bila kumtenga na wenzake mezani.

Sasa tupige hesabu. Mtu mzima mwenye kilo 60 anahitaji kama gramu 48 za protini kwa siku. Mayai mawili yana 12, kikombe cha kunde 13, kipande cha kuku cha gramu 100 kinakaribia 30. Ametosheka, kabla hata hatujahesabu ugali.

Anayetumia isoniazidi kwa kifua kikuu asikilize kwa makini. Dawa hiyo hukizuia kimeng'enya cha DAO, na wapo wagonjwa waliopata ngozi nyekundu, kichwa kuuma na moyo kwenda mbio baada ya kula jodari. Cha kuacha ni samaki huyo. Dawa iendelee, na daktari aelezwe.

Masharti haya yote ni ya muda. Hakuna kipimo cha damu cha kutegemewa kwa tatizo hili, hivyo njia ni kula kwa uangalifu wiki mbili hadi nne huku ukiandika ulichokula, saa uliyokula na kilichofuata, kisha kurudisha chakula kimoja kimoja, kila kimoja kwa siku kadhaa. Anza na nyanya, jibini iwe ya mwisho. Mtoto, mjamzito na anayezidi kukonda wasianze bila mtaalamu wa lishe. Na anayevimba midomo au kubanwa pumzi kwa tone la maziwa ana mzio wa protini ya maziwa, ugonjwa mwingine unaohitaji hospitali.

Sehemu ya nne itahusu kalisi, kwa kuwa aliyeacha maziwa na dagaa kwa pamoja amepoteza vyanzo vyake viwili vikubwa.